Mwaka wa Kutolala Chini

Kabla sijajua kukimbia, nilijua kulala chini. Mama ndiye aliyenifundisha, katikati ya mistari ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kwenye shamba la mzungu lililokuwa juu ya mji wa Nakuru, upande ule ambao ukungu wa asubuhi hukaa mpaka saa nne. Ilikuwa miaka ya hamsini, miaka ya hali ya hatari, na bunduki zililia msituni bila kupiga hodi. Siku nyingine walikuwa askari. Siku nyingine alikuwa mzungu mwenyewe akifukuza nyani kwenye mahindi. Mtu aliyeinama akichuma maua hawezi kujua ni ipi, kwa hiyo mama alikuwa na sheria moja kwa zote.

"Ukisikia bunduki, chini! Tumbo chini, uso kwa udongo. Usiangalie, usiulize. Kuuliza utauliza ukiwa umelala."

Tena alitufanyisha mazoezi. Alingoja mpaka tumesahau, kisha akapiga kofi moja kali, nasi watoto tukaanguka kati ya mistari. Wa mwisho kulala alibeba kikapu cha mama mpaka kwenye mizani. Mimi sikuwahi kukibeba. Nilipofika miaka kumi nilikuwa chini kabla mlio wa kofi haujaisha, na mama, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, aliwaambia majirani kwamba huyu wa kwangu hata risasi itachoka kumtafuta.

Bado naiona dunia ya huko chini. Mashina ya pareto yalikuwa msitu mdogo wa kijani, na maua meupe yalining'inia juu yangu kama nyota zilizosahau kuzimika. Harufu yake kali iliniingia puani. Moyo wangu uligonga udongo, na udongo, nilivyodhani, ulinijibu. Sikuogopa. Ilikuwa kama kuingia nyumbani na kufunga mlango.

Baba alikuwa mkamuaji katika shamba hilohilo. Aliniita "mama," kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu kwa binti wa kwanza, na kwa sababu hiyo hakuweza kunikemea bila sauti yake kugeuka katikati na kuwa ya mtu anayeomba radhi. Alfajiri nilimfuata kwenye kibanda cha kukamulia nikambebea maji ya moto, halafu nikakimbia kwenda shule, iliyokuwa ng'ambo ya bonde. Nilikimbia kwa sababu nilikuwa nimechelewa, si kwa sababu nyingine. Lakini mwalimu wetu, kijana aliyekuja kwa baiskeli na mara nyingi akaondoka akiisukuma, alisimama mlangoni asubuhi nyingi akiniangalia nikipanda kilima, na siku moja hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Aliuliza, "Unaweza kufanya hivyo tena, mbele ya watu?"

Basi nikachaguliwa kukimbia yadi mia mbili na ishirini katika mashindano ya shule mjini Nakuru.

Tulisafiri kwa lori la maziwa, tumekaa kati ya mikebe mikubwa iliyokuwa baridi kama mito ya asubuhi. Tulipita mtaa wa Bondeni, ambako moshi wa mandazi ulitufuata hadi nje ya mtaa, tukafika uwanjani. Nyuma yetu ulikuwa mlima wa Menengai. Mbele, chini kabisa, lilikuwa ziwa, na ukingoni mwake ndege aina ya heroe, wengi kiasi kwamba niliona tu utepe wa waridi ambao mara kwa mara ulipumua. Sikuwa nimewahi kuona mistari ya chokaa juu ya nyasi. Niliona haya kuikanyaga.

Shuleni mwalimu alituanzisha kwa filimbi. Hakuna aliyefikiri kuniambia kwamba mjini wanatumia bastola.

Tulisimama wasichana sita. Mzee wa kizungu mwenye kofia ya kitambaa alitoa amri mbili kwa Kiingereza, akainua mkono, na mlio ukapasuka karibu na sikio langu. Niliposhtuka nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya chokaa, mikono kichwani, uso kwenye nyasi za Nakuru, nikingoja mama aseme tuinuke. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia nikiwa chini. Uwanja mzima ulikuwa unacheka.

Sina kinyongo na waliocheka. Nadhani mimi pia ningecheka. Ila naikumbuka sura ya mwalimu alipokuja kuniinua: hakucheka hata kidogo. Alinifuta chokaa kwenye paji la uso kwa leso yake na kusema polepole, kama mtu aliyekosea hesabu ubaoni mbele ya darasa, "Ni kosa langu. Ilinipasa kukwambia."

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu. Shuleni niliitwa Lala. Wavulana waligonga vifuniko vya madawati nyuma yangu kuona kama nitaanguka, nami nilianguka. Mara moja nilianguka na kalamu ya wino mkononi. Jirani yangu wa dawati, msichana mwenye ulimi mkali lakini aliyeniachia nusu ya kiazi chake kila saa sita, alikuwa na wimbo wake: "Lala, Lala, bunduki ya mchana, amka ule ugali."

Nieleze kidogo jambo moja, kwa sababu vijana wengi wamenijia miaka ya baadaye wakiwa na tumbo linalosokota kabla ya mashindano au mtihani, wakidhani wana ugonjwa. Watu hudhani hofu hiyo ni hofu ya kushindwa. Kwangu haikuwa hivyo. Kushindwa na msichana mwingine ningekula na chumvi nikasahau. Nilichoogopa ni kwamba kulikuwa na mtu mwingine ndani yangu, mwepesi kuliko mimi, ambaye angeamua kabla sijaamua. Miguu ilikuwa yangu njia nzima ya kwenda shule. Pale mstarini haikuwa yangu. Nikiwaza uwanja ule, mikono ilikuwa baridi na ulimi ulikauka, hata kama ilikuwa imebaki miezi minane.

Muhula wa mwisho ulipokaribia, mwalimu alikuja nyumbani. Alisukuma baiskeli mpaka mlangoni, akanywa chai, akasema alilokuja kusema.

"Nataka kumpeleka tena. Lakini akilala mara hii, nafasi nitampa msichana mwingine. Sitamlaumu. Ni kwamba wakubwa wa mashindano wameshaniuliza kama namleta mkimbiaji au mchekeshaji."

"Tutamfundisha asilale," baba alisema.

Mama aliweka sufuria chini. "Mtamfundisha nini?"

"Asilale akisikia bunduki."

"Sawa. Na msituni wakipiga ile ya kweli, nyinyi wawili mtakuwa wapi? Uwanjani, mkipiga makofi?" Alimgeukia mwalimu. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini nilimfundisha huyu mtoto kulala ili apate kuinuka. Sasa wewe unataka kumtoa dawa mwilini kwa sababu ya kikombe cha bati."

Mwalimu alitazama chai yake. Mimi nilikaa kando ya jiko nikijua kwamba wote wana haki, na kwamba ugomvi wao uko ndani ya magoti yangu.

Mwishowe mama alisema, bila kumtazama mtu, "Mfundisheni. Lakini asisahau. Akisahau, nitawadai nyinyi."

Baba alianza jioni ileile. Nilisimama kwenye nyasi karibu na kibanda, naye, nyuma yangu, akagonga kifuniko cha mkebe wa maziwa juu ya mkebe mtupu. Mlio ulikuwa mbaya kuliko bastola. Nikalala.

"Inuka, mama. Tena."

Nikalala.

"Hebu safari hii ujiambie, 'silali.'"

Nilijiambia silali, silali, silali, nikalala nikiwa bado nasema. Baba alijaribu kucheka. Baada ya majuma mawili magoti yangu yalikuwa na vidonda, na mzee wa ng'ombe, yaani msimamizi wa wakamuaji, alimwambia baba aache kelele hizo kwa sababu maziwa yamepungua.

Ilikuwa kweli. Asiyekamua huenda asijue kwamba maziwa hayachukuliwi, ng'ombe huyaachilia. Unaosha kiwele kwa maji ya moto, unapaka mafuta vidoleni, unaweka paji la uso kwenye ubavu wake, unangoja. Akiwa ametulia, maziwa hushuka yenyewe na chuchu hujaa mikononi mwako. Akiwa na wasiwasi hubana, na ukivuta kwa nguvu utapata damu na teke. Huwezi kumwamuru. Yaliyo yako ni maji, mafuta, kigoda na mikono. Baba alisema kwa Kiswahili cha shambani, "Hii kitu inasikia kwa chuchu. Ukikuja na moyo inaruka, yeye anajua kabla ya wewe."

Msimu ule alinipa mtamba mwekundu aliyekuwa amezaa mara ya kwanza. Wakamuaji wakubwa hawakumpenda kwa sababu alibana na alipiga teke. Mimi nilikuwa na mikono midogo na sikuwa na haraka ya kujaza ndoo. Asubuhi zile kwenye kibanda zimebaki kwangu kama kitu nilichokiota. Mvuke uliinuka kutoka migongoni mwa ng'ombe ukachanganyika na ukungu, hata hukujua ng'ombe anaishia wapi na asubuhi inaanzia wapi. Kila ndoo ilikuwa na sauti yake: nyembamba inapokuwa tupu, nzito inapojaa. Mimi nilikuwa nimefumba macho, kichwa kwenye joto la yule mtamba, nikisikia tumbo lake likinguruma kwa mbali kama treni inayopanda kutoka Naivasha. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia.

Asubuhi moja mtu fulani alijikwaa kwenye mkebe na kifuniko kikaanguka kwenye saruji.

Mlio ule ulijaa kibanda chote. Ng'ombe waliruka. Baba, nilivyosikia baadaye, aligeuka kunitafuta sakafuni. Sikuwa sakafuni. Nilikuwa bado nimekaa, kichwa ubavuni mwa mtamba, ambaye alikuwa akitetemeka kuanzia shingoni mpaka mkiani, na mikono yangu ilikuwa inaendelea, kushoto, kulia, pole, pole, kwa sababu kama ningeacha angepiga teke na maziwa yangemwagika. Niliusikia mlio. Niliihisi ile hamu ya kulala ikipita ndani yangu kama upepo unavyopita kwenye pareto, ikaniinamisha, ikapita. Kati ya mlio na kulala palikuwa na nafasi. Ilikuwa ndogo, upana wa jani la nyasi, lakini mtu angeweza kusimama humo akiwa na kazi ya kufanya.

Baba alikuja akachuchumaa kando yangu. "Mama, hukusikia?"

"Nilisikia."

"Na?"

"Mikono ilikuwa na kazi."

Akaanza kucheka kidogokidogo, mpaka mtamba naye akageuza kichwa kumtazama. Kutoka siku hiyo baba hakugonga tena kifuniko. Mimi mwenyewe nilijizoeza njiani kwenda shule: nikisimama, nikiinama, vidole kwenye nyasi, nikizibana kushoto, kulia. Mlio wa madawati ulipokuja, wakati mwingine nilianguka, wakati mwingine sikuanguka. Sikuwahi kufika mahali ambapo sianguki kabisa. Nasema hili ili mtu asidhani palikuwa na muujiza.

Siku ya mashindano niliamka kabla ya baba. Nilikwenda kumkamua mtamba wangu na akabana maziwa yote. Hakutoa hata ya paka. Nilikaa pale na ndoo tupu nikajua kwamba amesoma mikono yangu. "Mwache," baba alisema, "jioni atatoa." Alikuwa ameomba ruhusa na kupewa cheti cha kutoka shambani, akapanda nasi lori la maziwa, akakaa juu ya mkebe kama mtu anayekwenda kuoa. Mama hakuja. Alinifunga mshipi wa gauni la shule, akaukaza zaidi ya kawaida, akasema, "Haya."

Uwanja ulikuwa uleule. Chokaa ilikuwa ileile. Ziwa lilikuwa limelala chini na utepe wake wa waridi. Nilitapika chai nyuma ya mti, mwalimu akanipa maji nisukutue na kusema mwaka huu angalau nimeanza na tumbo jepesi. Tulipofika mstarini, watu walionikumbuka walianza. "Ni yule! Leteni godoro!" Mtu mwingine akapaza sauti, "Lala salama!"

Nilipiga magoti, nikaweka vidole kwenye nyasi nyuma ya chokaa. Zilikuwa na umande kidogo. Nikazishika, kushoto, kulia. Msichana aliyekuwa kando yangu, mrefu, wa shule ya mjini, alinitazama.

"Wewe, unakamua nini hapo?"

"Nakamua Nakuru."

Aliguna kwa kicheko, na kicheko chake kilinisaidia, kwa sababu kilikuwa cha watu wawili. Yule mzee wa kofia alitoa amri ya kwanza. Kushoto, kulia. Akatoa ya pili. Sauti zote za uwanja zilienda mbali, kama zilikuwa upande wa pili wa ziwa, na mimi nikabaki na nyasi zile mikononi.

Bastola ililia.

Nilikwenda chini. Sitaficha. Viwiko vilishuka, kidevu kikagusa chokaa, na nikaiona ile nyumba yangu ya zamani, msitu mdogo wa kijani, mlango ukiwa wazi. Lakini mikono ilikuwa na kazi. Ilikuwa bado inabana, kushoto, na palepale, kabla ya kulia, nilikuwa na muda wa kuchagua. Nikasukuma ardhi. Nikainuka.

Wenzangu walikuwa tayari hatua nne mbele. Nilikimbia kama ninayechelewa shuleni, maana ndizo mbio pekee nilizozijua. Kwenye kona ziwa lilizunguka likaja mbele yangu, na heroe waliinuka, au nadhani waliinuka, labda ni mimi niliyekuwa nainuka. Sikusikia mtu. Nilisikia ndoo ikijaa. Nilimpita mmoja, kisha mwingine, na kamba ya mwisho ilipokatwa ilikatwa na kifua cha yule msichana mrefu. Mimi nilifika nikiwa wa nne.

Mwalimu alinijia akikimbia, tai begani.

"Umekuwa wa nne!"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mwaka jana ulikuwa wa ngapi?"

"Mwaka jana sikuwako."

Aliweka mkono juu ya kichwa changu na kugeuka upande wa mlima kwa muda. Baba alikuwa amesimama kando ya wachuuzi wa miwa, kofia mkononi. Aliniangalia kidevu, akaona alama ya chokaa.

"Uligusa chini, mama?"

"Niligusa."

"Halafu?"

"Halafu nikaondoka."

"Basi twende. Kuna mtu ana maziwa ya tangu asubuhi."

Jioni ile mtamba mwekundu alitoa ndoo nzima na zaidi.

Nafasi yangu haikupewa mwingine, na nilikimbia miaka miwili zaidi. Nafasi ya juu niliyopata ilikuwa ya pili. Lakini si hilo ninalolikumbuka ninapofumba macho. Nakumbuka asubuhi moja, majuma machache baada ya mbio, mimi na mama tukiwa kwenye pareto. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka na maua yalikuwa meupe mpaka msituni. Bunduki ikalia, karibu kuliko kawaida.

Mama alikuwa chini mara moja. Mimi nilisimama. Nilisikiliza: ilikuwa moja, ilitoka upande wa mahindi, na nyani walikuwa wakipiga kelele. Kisha nikatazama chini nikaona uso wa mama kati ya mashina, umegeuka kunitazama, na sijawahi tena kuona uso wa mtu ukiwa wazi kiasi kile. Nikapiga magoti. Nikalala kando yake, tumbo chini, uso kwa udongo, kama alivyonifundisha.

Alinishika mkono.

"Kwa nini ulichelewa?"

"Sikuchelewa, mama. Nilikuwa naamua."

Maua yalitikisika juu yetu. Nilisikia moyo wake ukigonga udongo, na wangu ukimfuata nyuma kidogo.

"Haya," alisema mwishowe, bila kuachia mkono wangu. "Siku nyingine amua ukiwa umeshalala."